Mtoto apimwe kwanza, kiti kifuate

Ingia katika nyumba yenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, iwe Mbagala au Mbozi, na mara nyingi utamkuta amelala chali. Mkeka umetandikwa, khanga juu yake, mtoto anatazama mabati. Hajatelekezwa. Mama yake yuko hapohapo anachambua mboga, na kila mara anageuka kumfuta mate au kumfukuzia inzi. Amelazwa hivyo kwa sababu akikalishwa anaanguka, akiegemezwa ukutani anateleza, na akibebwa mgongoni kutwa nzima hakuna kazi itakayofanyika humo ndani.

Kulala chali saa zote kuna madhara yasiyoonekana haraka. Mwili wa mtoto aliyekakamaa huzidi kujinyoosha akiwa katika mkao huo: kichwa kinasukuma nyuma, mgongo unapinda upinde, miguu inapishana kama mkasi. Mikono inabaki kando, hawezi kuileta mbele ya macho yake aione na kuichezea. Mate yanakwenda njia ya hewa, na kifua hakiishi. Nyonga inahama taratibu kutoka mahali pake. Ngozi ya kisogo na makalio inagandamizwa mpaka inafanya kidonda. Na zaidi ya yote hayo, mtoto hamuoni mtu usoni mpaka mtu amwinamie. Ulimwengu wake wote ni dari.

Mambo haya hayana dawa katika duka la dawa. Yanapungua mtoto akikalishwa vizuri, akilazwa ubavu, akisimamishwa kidogo kila siku huku ameshikiliwa. Na vifaa vya kumwezesha kufanya hivyo vinaweza kutengenezwa mtaani kwetu kwa maboksi, mbao chakavu, sponji ya godoro kuukuu na vipande vya khanga. Ninaandika nikiwa mjomba wa mtoto wa namna hiyo, na nimeyaona kwa macho yangu mabadiliko yanayoletwa na kiti kilichopimwa vizuri. Naamini kuwa kifaa cha nyumbani kilichotokana na mwili wa mtoto mwenyewe, chini ya jicho la mtaalamu, ni tiba kamili. Kinastahili kuheshimiwa hospitalini kama dawa inavyoheshimiwa.

Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokua sawasawa ungali mchanga. Kwetu sababu zinazotajwa sana ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, yule ambaye wazazi watakwambia "hakulia alipozaliwa", kuzaliwa njiti, umanjano mkali wa siku za mwanzo uliochelewa kutibiwa, na malaria kali au homa ya uti wa mgongo iliyompata baadaye. Jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki, lakini mwili unaendelea kubadilika kadiri mtoto anavyokua. Misuli inafupika, viungo vinakaza, uti wa mgongo unaenda upande. Wengi wana kifafa pia. Wengine hawaoni vizuri, wengine hulishwa kwa mpira unaopita puani. Kwa hiyo mama mmoja anajikuta ni muuguzi, mpishi, mtaalamu wa mazoezi na mbeba mizigo kwa wakati mmoja, na mtoto anazidi kuwa mzito.

Dada yangu alipokwenda kwa fundi seremala wa mtaani kuagiza kiti, alikwenda na picha kwenye simu. Fundi aliitazama, akairudisha.

"Mama, kiti nitatengeneza. Ila huyo mtoto mlete mwenyewe. Hata kabati siwezi kulikata kabla sijaona ukuta wake."

Alikuwa hajasoma tibakazi wala fiziotherapia, lakini aliligusa jambo ambalo wataalamu wanahangaika kulieleza kila siku. Mtoto akapelekwa. Dada akampakata, magoti na nyonga zikiwa zimekunjwa, kama alivyoelekezwa kliniki. Fundi akapiga magoti mbele yao na futi yake. Kipimo cha kwanza kinaanzia nyuma kabisa ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha unaondoa kama upana wa vidole viwili. Vidole hivyo viwili vina maana kubwa. Ubao wa kukalia ukiwa mrefu kupita paja, ukingo wake unamgusa mtoto nyuma ya goti, naye anasogea mbele kuukwepa, makalio yanateleza, na baada ya dakika chache amekalia mgongo. Ukiwa mfupi mno, mapaja yananing'inia na uzito wote unabaki sehemu moja.

Kipimo cha pili ni nyuma ya goti hadi kisigino, kwa ajili ya ubao wa kukanyagia, maana miguu inayoning'inia humfanya mtoto akakamae mwili mzima. Cha tatu ni upana wa nyonga, na nafasi ndogo tu ya ziada. Hapa ndipo sisi ndugu tunapoharibu kwa nia njema: tunataka kiti kipana "ili akue nacho". Mtoto asiyeweza kujizuia akiwekwa kwenye kiti kipana analalia ubavu mmoja kutwa nzima, na mgongo unafuata huko huko. Cha nne ni kimo cha mgongo wa kiti. Kama shingo haijakaza, mgongo wa kiti upande hadi juu ya kichwa. Cha mwisho ni kiwiko kikiwa kimekunjwa, ili meza ya mbele ikae usawa ambao mikono inaweza kupumzika juu yake bila mabega kuinuka.

Ukishapata vipimo, kinachofuata ni nyonga. Wataalamu wa utengamao huanzia hapo kila mara, kwa sababu nyonga zikitulia, mgongo hupata pa kusimamia, na mgongo ukitulia, kichwa hupata nafuu. Mkanda hupita chini ya tumbo, mahali paja linapokutana na kiwiliwili, ukivutwa kuelekea nyuma na chini. Wengi huufunga tumboni au kifuani, na mtoto akiteleza unapanda hadi kooni. Huo ni mtego. Katikati ya magoti huwekwa kipande cha sponji kilichovalishwa kitambaa, ili miguu isipishane. Kipande hicho hutenganisha magoti tu. Hakikuwekwa ili kimzuie mtoto kuteleza, na kikikaa karibu mno na kinena kinaumiza.

Mbao si lazima. Huko Zimbabwe, mwalimu Bevill Packer alifundisha na kueneza ufundi wa kutengeneza samani na vifaa vya watoto wenye ulemavu kwa makaratasi na maboksi, na tangu miaka ya 1980 ufundi huo umesambaa katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo. Nilipoona kwa mara ya kwanza kiti cha maboksi nilidhani ni cha kuchezea. Mtu mzima akakikalia mbele yangu, hakikutikisika.

Siri yake iko katika matabaka. Unga wa ngano unakorogwa na kupikwa hadi uwe uji mzito unaonata. Maboksi yanakatwa kwa vipimo vya mtoto, kisha yanabandikwa moja juu ya jingine, na mistari ya ndani ya kila boksi inapishana na ya lililo chini yake. Ikilala upande mmoja yote, ubao unakunjika. Ikipishana, unakuwa mgumu. Ubao huo unawekewa mawe au godoro juu yake hadi ukauke ukiwa umenyooka. Pembe zinaunganishwa kwa vipande vya karatasi vilivyopakwa uji, na vipande hivyo huchanwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi, kwa kuwa ukingo uliochanwa hunata vizuri na hauachi kingo za kukwaruza. Kiti kizima kinavalishwa karatasi ndogondogo, kinaanikwa juani mpaka kikigongwa kitoe sauti kavu kama ubao, ndipo kinapakwa vanishi au rangi ya mafuta. Bila rangi, mkojo na uji vitakimaliza mapema. Na ukifika msimu wa mvua, usijaribu kukausha kwa haraka jikoni. Unyevu ukibaki ndani kinaoza na kuliwa na wadudu.

Gharama yake kubwa ni muda. Ndiyo maana kazi hii hupendeza ikifanywa na kina mama kadhaa pamoja, huku watoto wao wamelazwa kivulini wakiwaangalia.

Kabla hujadhani haya ni mambo ya kigeni, kumbuka bibi zetu. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super aliandika kuhusu watoto wachanga wa Kipsigis katika kijiji cha Kokwet nchini Kenya. Aliona kina mama wakiwafundisha watoto kukaa kwa kuwaweka katika shimo dogo lililochimbwa ardhini, au kwa kuwazungushia mablanketi, ili mgongo na mbavu zishikiliwe. Kiti cha kona ambacho wataalamu wa leo huwatengenezea watoto wenye mtindio, chenye kuta mbili zinazokutana nyuma ya mgongo na kuyaleta mabega mbele, kinafanya kazi ileile. Na mbeleko je? Mtoto anayebebwa mgongoni, miguu ikiwa imepanuliwa kuzunguka kiuno cha mama, nyonga zake ziko katika mkao ule ule ambao mtaalamu angeutafuta kwa mtoto ambaye miguu inapishana. Bibi aliyesema "mbebe tu mwanangu, asilale sana" alikuwa na haki. Tatizo linakuja mtoto anapofika miaka sita au saba, kilo zimeongezeka na mgongo wa mama unauma. Hapo ndipo kiti kinatakiwa kiwe tayari kipo.

Sasa jambo la chakula, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Jaribu kitu kimoja hapo ulipokaa na gazeti lako. Inua kidevu uangalie dari kabisa, kisha umeze mate. Umeona ilivyo kazi? Sasa shusha kidevu kidogo, umeze tena. Watoto wengi wenye mtindio hulishwa wakiwa katika ule mkao wa kwanza: wamelazwa mapajani, kichwa kimening'inia nyuma juu ya mkono wa mama, uji ukimiminwa kwa kikombe au kiganja. Mama anafanya hivyo kwa sababu vinginevyo uji wote unamwagika kifuani na mtoto atalala njaa. Lakini koo likiwa wazi hivyo, uji unashuka wenyewe mtoto akiwa hajajiandaa kumeza, na sehemu yake inaingia mapafuni. Anapaliwa, anakohoa, macho yanatoka machozi. Wengine hawakohoi hata kidogo, na hao ndio wa kuogopewa zaidi, kwa sababu nimonia inawapata kimyakimya.

Kiti kinabadilisha habari hii. Mtoto akikaa wima, nyonga zimekunjwa, kidevu kimeshuka kidogo, mlishaji anakaa mbele yake, usawa wa macho yake au chini kidogo, si kusimama juu yake. Kijiko kinaletwa kutoka chini na mbele, kinawekwa juu ya ulimi na kukandamizwa kidogo, kisha unasubiri mdomo ufunge wenyewe. Usikwangue chakula kwenye meno ya juu, maana kufanya hivyo kunarudisha kichwa nyuma. Uji mwepesi na maji ndivyo vyenye hatari kubwa. Ndizi iliyopondwa laini, parachichi au uji mzito hutulia zaidi mdomoni. Akimaliza kula abaki amekaa kama nusu saa.

Vyombo navyo vinarekebishwa hapohapo nyumbani. Kijiko cha chuma kinaweza kuumiza, kwani mtoto aliyekakamaa akiguswa meno hung'ata kwa nguvu bila kukusudia. Kijiko kipana kidogo cha plastiki ngumu isiyopasuka kinafaa zaidi. Mtoto anayeweza kushika mwenyewe anaongezewa unene wa mpini kwa kuuzungushia kipande cha ndala kilichotobolewa katikati au mpira wa ndani wa baiskeli. Kikombe cha plastiki kinakatwa upande mmoja, nusu mwezi ya kupitisha pua, na ukingo unasuguliwa kwa msasa hadi ulainike. Mtoto akinywa kwa upande usiokatwa, kikombe kinainuka bila kumlazimisha arudishe kichwa nyuma. Kikombe hiki kimoja, kilichokatwa kwa mkasi wa jikoni, kilimwezesha mpwa wangu kunywa chai mezani na ndugu zake bila kupaliwa kila funda. Mama yangu, bibi yake, alilia siku hiyo.

Kwa mtoto anayelishwa kwa mpira, msaada wa nyumbani ni kumzuia asiuchomoe. Soksi laini zilizovalishwa mikononi wakati wa kulala husaidia, na mfuko mdogo wa kitenge ulioshonwa kwenye fulana unahifadhi ncha ya mpira isivutike. Lakini mpira ukichomoka, usiurudishe kwa kubahatisha. Anayeurudisha ni muuguzi, au mzazi aliyefundishwa na kuhakikishwa kuwa ameelewa namna ya kuthibitisha umefika tumboni.

Usiku una vifaa vyake. Khanga mbili zilizoviringishwa, moja nyuma ya mgongo na nyingine kati ya magoti, humweka mtoto ubavu, mikono ikutane mbele ya uso wake. Wengi walio wagumu chali hulegea wakilazwa hivyo, na usingizi unakuja. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na mwenye kumgeuza aitazame ngozi. Wekundu, au weusi usio wa kawaida kwa ngozi zetu, ukikaa zaidi ya nusu saa baada ya kuondoa mgandamizo, ni onyo: kuna mahali kifaa kinabana. Chandarua kikae mbali na uso wake. Duara la mpira la kukalia, lile la shimo katikati ambalo wengi hulinunua kwa ajili ya vidonda, liacheni. Linabana mishipa ya damu kulizunguka shimo na kuongeza tatizo.

Zipo hatari nyingine ambazo mapenzi peke yake hayazizuii. Mikanda yote ifunguke kwa mkono mmoja, kwa sababu degedege likimpata kitini unahitaji kumfungua na kumlaza ubavu upesi. Kamba isipite shingoni kabisa. Mto uliojazwa maharage au mahindi ushonwe mara mbili, kwani punje moja inatosha kumziba hewa. Chupa ya maji ya moto isiwekwe kwa mtoto asiyeweza kusema "inaniunguza". Mtoto aliyewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani, egemeo la kichwa lisikandamize upande wenye mrija. Na vidonge vya kifafa visisagwe mpaka umuulize mfamasia, maana vingine vimetengenezwa vimezwe vizima.

Haya yote yanahitaji mtu wa kukuonyesha mara ya kwanza, na hapo ndipo nchi yetu inapopungukiwa. Hatujakosa ujuzi. Chuo cha mafundi sanifu wa viungo bandia cha TATCOT pale Moshi kipo tangu 1981 na kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Hospitali ya CCBRT imekuwa ikihudumia watoto wenye ulemavu Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini mama wa Mbozi anayepanda basi na mtoto mapajani kwenda kumuona mtaalamu anarudi na karatasi ya mazoezi. Kiti anaambiwa atafute.

Wengine wanapata vya msaada. Nashukuru kila anayetoa, ila niseme wazi: kiti mwendo kilichotengenezewa mgonjwa mzima wa hospitali, chenye kitambaa kilicholegea katikati, kinamdhuru mtoto wa miaka mitano ambaye hawezi kushikilia mgongo wake. Anazama ndani yake, magoti yanakutana, mgongo unapinda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo mwaka 2008, nao unataka kiti kilingane na mahitaji ya mtumiaji na mazingira anayoishi, kimtoshe, kimpe mkao mzuri, na kiweze kutengenezwa nchini kikiharibika. Gurudumu jembamba la hospitali kwenye mchanga wa Kigamboni halifiki hata uani.

David Werner, yule ambaye kitabu chake cha afya tunakijua kwa Kiswahili kama "Mahali Pasipo na Daktari", aliandika mwaka 1987 kitabu kikubwa kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini. Alikiandika kutokana na kazi iliyofanyika katika kijiji cha Ajoya, milimani huko Mexico, ambako wanakijiji wenye ulemavu wao wenyewe walikuwa mafundi wa vifaa vya wenzao. Werner naye alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, na ameeleza jinsi vifaa alivyopewa utotoni vilivyomuumiza kwa sababu walioviagiza hawakumsikiliza yeye. Mtoto asiyesema naye anasikilizwa. Akitabasamu kitini, akilegea, akigeuza kichwa kufuata sauti, kiti kinamfaa. Akilia kila anapokalishwa, usiseme amedeka. Kagua kiti.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya ni hili: kila kliniki yenye mtaalamu wa utengamao itenge siku moja ya mwezi, aitwe fundi seremala wa mtaa, watoto wapimwe, na alipwe kazi yake. Watoto hao warudi kila baada ya miezi michache kupimwa tena, kwa sababu wanakua. Ninyi wenye maduka, msichome maboksi. Yawekeni kando kwa ajili ya kliniki iliyo jirani. Na wewe ambaye mwanao amekua na kiti chake kimekuwa kidogo, usimpe jirani moja kwa moja. Kipeleke kliniki, mtoto wa jirani apimwe, fundi akirekebishe, ndipo akalie.